Ubusoka na Daftari la Boma

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao Visiwani unakumbukwa kwa jambo moja kubwa, nalo ni kuwekwa kwa Zanzibar chini ya himaya ya Kiingereza. Aghalabu husahauliwa kwamba waraka huo huo, katika kifungu chake cha kwanza, uliutaja Mto Songwe, unaomimina maji yake katika Ziwa Nyasa, na ukaufanya mpaka. Kusini ya mto wakabaki Wangonde na mtawala wao mwenye cheo cha Kyungu, kwa Waingereza. Kaskazini, jamaa zao wa chini ya Mlima Rungwe wakaangukia kwa Mjerumani.

Mjerumani akajenga kituo ufukweni mwa Nyasa, akakiita Langenburg. Baadaye utawala ukapandishwa mlimani, penye baridi na mvua isiyokatika, ukaitwa Neu-Langenburg. Wenyeji waliendelea kupaita Tukuyu. Wamishenari wa Kimoravian na wa Berlin walikuwa wametangulia, tangu 1891. Wote, wa boma na wa misheni, walikabiliwa na suala moja: mwenye nchi hii ni nani? Zanzibar alikuwapo Sultani mmoja wa kukaa naye mezani. Rungwe walikuwapo watawala kiasi cha mia, kila mmoja akiitwa malafyale, kila mmoja na kipande chake cha nchi, na hapana aliyekuwa mkubwa wa wote. Patakatifu pa Lubaga, pa Lwembe, paliheshimiwa na wengi, lakini heshima ile ilikuwa ya ibada na matambiko, si ya amri.

Wingi huo haukuwa ghasia. Ulikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo iliitwa ubusoka, yaani kutoka. Vijana wa Rungwe hawakukaa na baba zao. Wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakaoa humo, wakakua humo. Mara moja katika kila kizazi, vijana hao walipokuwa watu wazima, nchi nzima ilikabidhiwa kwao. Mioto yote ya zamani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya, kila nyumba ikawasha kwa huo. Pokeo lasema kwamba wahenga wa watawala walishuka kutoka Ukinga wakiwa na moto na ng'ombe, wakawakuta watu wa bondeni wakila vibichi. Basi kuwasha upya ilikuwa ni kuuanza utawala tangu mwanzo. Wana wawili wa malafyale, wa wake wakubwa wawili, waligawana nchi ya baba yao. Wazee walisogea pembeni kuwapisha vijana. Na malafyale mzee, baada ya kukabidhi, alitarajiwa asikawie duniani.

Kwa namna hiyo kila utawala ulizaa tawala mbili, na hapana aliyeweza kuhodhi nchi hadi uzee wa kupindukia. Wala malafyale hakutawala peke yake. Kila kijiji kilikuwa na kiongozi wake, na hao, amafumu, hawakuwa wana wa watawala bali watu wa kawaida waliochaguliwa. Iliaminiwa kwamba walikuwa na nguvu ya kuwaona wachawi usiku na kuwakabili. Mtawala mchoyo, asiyechinja ng'ombe wake akawalisha watu, alipopatwa na homa au ubaridi wa mwili, ilisemwa kuwa ni pumzi ya watu imemfikia. Manung'uniko ya raia, kwa maneno mengine, yalihesabiwa kuwa maradhi ya mtawala. Ni vigumu kupata katika siasa za Afrika Mashariki istilahi nzuri kuliko hiyo.

Ni kweli kwamba picha hii haikuachwa bila kuhojiwa. Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969 juu ya watawala wa Unyakyusa, alitilia shaka kama mambo yalikwenda kwa unadhifu huo, na shaka yake ni ya haki: si kila baba hukubali kusogea, na vita vilivyofuata kila ubusoka havikuwa michezo. Lakini hata ikipunguzwa chumvi, kanuni yenyewe inabaki: nchi ilikuwa ya kukabidhiwa.

Waingereza waliitwaa Tukuyu mwaka 1916, katikati ya vita. Mwaka 1925 alikuja Tanganyika Gavana Donald Cameron, akitokea Nigeria, na imani yake ilikuwa kwamba Mwafrika atawaliwe kwa mila zake na wakuu wake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ilipitishwa mwaka 1926, na ile ya mabaraza ya wenyeji mwaka 1929. Kwa nia, sera hii ilikuwa ya heshima kuliko viboko vya Wajerumani. Hilo lisemwe wazi. Ila ilihitaji kitu ambacho Rungwe hakikuwapo, yaani mkuu wa kudumu, mwenye mipaka ya kudumu, anayeweza kuandikwa katika daftari, kulipwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji, na kuulizwa kodi iko wapi.

Kwa hiyo wakachaguliwa wachache miongoni mwa wale mia. Hao wakaitwa machifu, neno la Kiingereza lililovalishwa kanzu ya Kiswahili, maana Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya daftari za mabaraza. Waliobaki wakawa chini ya wenzao ambao jana walikuwa sawa nao. Na hapo ndipo sera ya kulinda mila ilipoishika mila kooni. Kama utawala umekwisha kuandikwa, utagawanywaje kwa wana wawili? Daftari haliwezi kuzaa kila miaka thelathini. Vijana waliweza kufanya sherehe yao na kuwasha moto wao, lakini serikali haikuwa na mshahara wa chifu wa pili. Mzee naye, ambaye zamani angetarajiwa kutangulia mbele ya haki, sasa alikuwa na kila sababu ya kuishi. Amafumu hawakuwa na fungu katika mishahara hiyo. Bwana Shauri hakuwa na safu ya kuandikia pumzi ya watu.

Haingefaa kuwabebesha Waingereza lawama yote. Kahawa ilifanya kazi yake kimyakimya. Mzee aliyepanda mibuni, zao la kukaa miaka mingi, hakuwa tayari kuondoka kumpisha kijana, na ardhi ilikuwa ikipungua watu wakiongezeka. Philip Gulliver aliyaeleza haya kwa kirefu mwaka 1958. Vijana walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakarudi na fedha zisizotoka kwa baba.

Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa mila waliokaa Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliyaandika mambo ya ubusoka na vijiji vya rika katika saa hiyo ya magharibi. Bila wenyeji waliowasaidia, akiwamo Leonard Mwaisumo, kazi ile isingekuwapo. Kitabu cha Monica juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951, miaka 7 baada ya mumewe kufariki. Hata jina la watu wenyewe lilikuwa likibadilika: Wajerumani waliwaita Wakonde, Wanyakyusa lilikuwa jina la sehemu yao tu, likatandazwa juu ya wote, Wakukwe na Waselya kwa pamoja, na wenyewe wakalipokea, kwa kuwa mbele ya boma na katika migodi ya ugenini kabila moja kubwa lilisikilizwa zaidi kuliko tawala mia ndogo.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961. Mwaka 1963 Bunge likaifuta sheria ya machifu, na mabaraza, hazina na mishahara yao vikaondoka pamoja nayo. Shughuli za Rungwe zikaingia mikononi mwa halmashauri ya wilaya. Machifu wa daftarini walivuliwa vyeo vyao. Wale wengine, ambao majina yao hayakuandikwa tangu 1926, pamoja na amafumu wa vijiji, hawakutajwa, kwa sababu hapakuwa na chochote katika sheria ambacho wangeweza kuvuliwa.