Farasi wa telki na nyanda za Songea

Farasi wa telki ni farasi wa kupanda anayekwenda haraka bila kumrusha aliyeketi juu yake. Katika mwendo wa matiti miguu hutua miwili miwili kwa mkingamo, na baina ya pigo na pigo mwili wote huachana na ardhi. Kila hatua huishia kwenye uti wa mgongo wa mpandaji. Katika telki kila ukwato hutua kwa zamu yake, mapigo manne yanayofuatana, na wakati wote upo angalau mguu mmoja ulio chini. Kwa safari ya kutwa nzima tofauti hiyo ni kubwa mno.

Ulaini huo kwanza ni wa kuzaliwa nao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, na wenzao walionyesha kuwa badiliko dogo katika jeni iitwayo DMRT3 huathiri jinsi uti wa mgongo unavyopanga miguu. Badiliko hilo limeonekana kwa farasi wa Iceland, kwa Paso wa Peru na kwa Tennessee Walker wa Marekani. Mfugaji makini hutazama kitoto kikimfuata mama yake malishoni, kabla hakijajua tandiko: je, kikiharakishwa kinaingia matiti au kinateleza? Mimba huchukua miezi kumi na moja hivi, na mnyama hafai kubeba mtu mzima kabla ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo kosa la kuchagua dume hugunduliwa baada ya miaka mingi. Kazi ya mpandaji ni kuulinda mwendo: aketi akiwa amelegeza kiuno, hatamu zisivutwe ovyo, mafunzo yaanze kwa mwendo wa kawaida na kuongezwa kasi kidogo kidogo. Akiharakishwa mapema, farasi huvunja mpangilio wa miguu na kuangukia matiti.

Katika Afrika sifa hii imetunzwa zaidi kusini, kwa Boerperd wa Afrika Kusini na farasi mdogo wa Lesotho. Hapo ndipo historia ya Songea, kusini mwa Tanzania, inapoingia. Wasotho wa mfalme Moshoeshoe na Wangoni walitikiswa na vita vilevile vya mwanzo wa karne ya 19. Wasotho walijikusanya katika milima mirefu yenye baridi, wakapata farasi na kuwa wapanda farasi hodari. Wangoni wa kiongozi Zwangendaba walielekea kaskazini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na makundi yaliyotokana na safari hizo za Wangoni yakafika Songea yakitembea kwa miguu na kupigana kwa miguu. Ushujaa ulikuwa mmoja. Kilichowatenganisha, kwa maoni ya mwandishi, ni wadudu.

Ndorobo hueneza ugonjwa wa nagana. Usubi, mdudu mdogo anayeuma usiku, hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huweza kuua zaidi ya nusu ya farasi walioupata, hata tisa kwa kumi. Punda milia hubeba virusi vya ugonjwa huo bila kuugua. Mreno Francisco Barreto alipopanda bonde la Zambezi na farasi wake hadi Sena, mwaka 1571 na 1572, wanyama na watu walikufa. Akadai wafanyabiashara Waislamu wamewapa sumu, na wengi wao wakauawa kikatili. Damu hiyo ya watu wasio na hatia inastahili kukumbukwa kila magonjwa haya yanapotajwa. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jaap van Deventer walifika Kondoa Irangi wakiwa wamepoteza farasi wengi njiani. Vikosi vya Jenerali Northey wa Uingereza, vilivyoitwaa Songea Septemba mwaka huohuo, vilitegemea vichwa vya wapagazi.

Pwani ilipata njia nyingine. Zizi la Sultani Seyyid Said huko Unguja lilikuwa na farasi wa Kiarabu, na farasi wake wawili walipelekwa New York katika jahazi Sultana mwaka 1840 kuwa zawadi kwa rais wa Marekani. Lakini kipando cha kila siku cha wenye uwezo kilikuwa punda mweupe wa Maskati, mrefu, mwenye mwendo laini. Huyu ndiye ndugu wa karibu zaidi wa farasi wa telki katika nchi za Waswahili, naye hustahimili ugonjwa wa farasi kuliko farasi mwenyewe.

Anayetaka kufuga Songea aanze na ramani ya ndorobo. Mapori ya Namtumbo na Tunduru, kuelekea Selous na mpaka wa Msumbiji, hayafai. Miinuko ya Umatengo, upande wa Mbinga, ina nafuu kwa sababu ya baridi. Chanjo ya ugonjwa wa farasi itolewe kabla ya mvua za Novemba au Desemba, na farasi waingizwe bandani kabla ya jua kuzama, banda lenye wavu wa matundu madogo, watolewe jua likishapanda. Hata hivyo njia yenye matumaini zaidi ni baghala: farasi jike wa telki akipandwa na punda dume, mtoto huweza kurithi mwendo wa mama, na ugonjwa wa farasi humpata kwa ukali mdogo kuliko farasi. Nagana bado humpata, hivyo damu yake ipimwe mara kwa mara, hasa akirudi kutoka mabondeni.