Mfereji wa Midi: Njia za Baiskeli Kati ya Maji na Mizabibu Kusini mwa Ufaransa

Mfereji wa Midi ni njia ya maji iliyochimbwa na binadamu kusini mwa Ufaransa. Unaanzia katika mji wa Toulouse na kuishia, baada ya kilometa 240, katika ziwa la chumvi la Thau kando ya Bahari ya Mediterania. Kando ya mfereji huo ipo njia inayotumiwa na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na kutoka Carcassonne hadi Béziers njia hiyo hupita kwa sehemu kubwa katikati ya mashamba ya mizabibu. Mwaka 1996 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mfereji huo, pamoja na matawi yake, katika Orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ileile yenye Hifadhi ya Ngorongoro, Magofu ya Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Makala haya yanaeleza asili ya njia hizo, hali ya kila sehemu, mambo yanayozitishia na kanuni ambazo mgeni hana budi kuzifuata.

Asili ya mfereji na njia yake

Kabla ya karne ya 17, mizigo iliyotoka pwani ya Atlantiki kwenda Mediterania ililazimika kuizunguka Rasi ya Iberia kwa merikebu. Mwaka 1666 Mfalme Louis XIV alitoa amri ya kuchimbwa kwa mfereji, na kazi hiyo akakabidhiwa Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers aliyekuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi. Kazi ilipopamba moto, vibarua walifikia takribani 12,000, wakiwamo wanawake. Riquet alifariki dunia mwaka 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1681.

Tatizo kubwa halikuwa kuchimba, bali kupata maji ya kutosha mahali pa juu kabisa pa mfereji, yaani Naurouze, penye mwinuko wa takribani meta 190 kutoka usawa wa bahari. Riquet aliyakusanya maji ya vijito vya Montagne Noire, akayahifadhi katika bwawa la Saint-Ferréol, na kuyaongoza kwa mifereji midogo hadi Naurouze. Kutoka hapo maji hugawanyika, mengine yakielekea upande wa Atlantiki na mengine upande wa Mediterania.

Njia inayotumiwa na baiskeli leo ilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliokokota matishari kwa kamba. Kwa sababu hiyo haina miinuko mikali; hupanda au kushuka kidogo tu penye malango ya maji. Lango la maji ni chumba chenye milango miwili: mashua huingia, maji yakaongezwa au kupunguzwa, nayo ikapanda au kushuka hadi kufikia usawa wa sehemu inayofuata. Matishari yalisafirisha nafaka na mvinyo kwa miaka mingi, hata baada ya reli kufika katika karne ya 19. Biashara hiyo ilikoma katika miaka ya 1980, na sasa mfereji hutumiwa zaidi na mashua za watalii.

Sehemu za njia na hali yake

Sehemu ya kwanza, kutoka Toulouse kwa takribani kilometa 50, imewekewa lami na inafaa kwa baiskeli ya aina yoyote, zikiwamo za watoto.

Sehemu ya pili huanzia karibu na Naurouze na kuendelea katika mkoa wa Aude. Hapa njia ni ya udongo, na ingawa baadhi ya vipande vimeimarishwa, vingine ni vyembamba na vina mashimo na mizizi iliyojitokeza. Baiskeli ya milimani, yenye magurudumu mapana, ndiyo inayofaa. Baada ya mvua udongo huteleza, na ukingo wa maji uko hatua chache tu kutoka kwenye gurudumu.

Sehemu ya tatu ndiyo inayopita katikati ya mizabibu kwa wingi zaidi. Kutoka lango la Argens hadi Fonseranes, mfereji huenda takribani kilometa 54 bila lango hata moja. Wajenzi waliufuatisha usawa wa vilima, ndiyo maana unapindapinda na kuzunguka mashamba badala ya kunyooka. Msafiri hupita vijiji vya Le Somail, Capestang na Poilhes, kisha hufika Malpas. Hapo mfereji hupenya chini ya kilima kwa handaki la karne ya 17, linalohesabiwa kuwa la kwanza barani Ulaya kupitisha mashua za mfereji. Baada ya Malpas hufuata Fonseranes, karibu na Béziers, penye ngazi ya vyumba vya maji vinavyozishusha mashua zaidi ya meta 20.

Wanaopendelea miinuko huiacha njia ya mfereji. Upande wa kaskazini vipo vilima vya Minervois na Montagne Noire, ambayo kilele chake, Pic de Nore, kina urefu wa meta 1,211. Upande wa kusini vipo vilima vya Corbières. Njia zilizosajiliwa na Shirikisho la Baiskeli la Ufaransa huwekewa alama ya pembetatu na duara mbili, na ugumu wake hutambulishwa kwa rangi: kijani ni rahisi kabisa, ikifuatiwa na bluu, nyekundu na nyeusi. Mgeni asiye na mazoezi anashauriwa kuanza na kijani.

Miti ya platani na ugonjwa wake

Kivuli kilichoupa mfereji umaarufu kilitokana na miti ya platani iliyopandwa kwa wingi katika karne ya 19, hadi kufikia takribani 42,000. Mizizi yake hushikilia kingo zisibomoke, na majani yake hupunguza ukali wa jua juu ya maji.

Mwaka 2006 ulithibitishwa katika miti hiyo ugonjwa unaosababishwa na kuvu aitwaye Ceratocystis platani. Inaaminika kwamba kuvu huyo aliingia Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika mbao za masanduku ya risasi yaliyoletwa na jeshi la Marekani. Hana tiba. Huenea kwa maji, kwa mizizi inayogusana na kwa majeraha ya magome, yakiwamo yanayosababishwa na kamba za mashua zinazofungwa kwenye miti. Mti ulioambukizwa hukatwa na kuchomwa, pamoja na iliyo jirani nao.

Mamlaka inayosimamia njia za maji nchini humo, Voies navigables de France, imekwisha kukata maelfu ya miti na inapanda mingine ya jamii mbalimbali, ili ugonjwa mmoja usiweze tena kuangamiza yote kwa pamoja. Kwa msafiri, maana yake ni kwamba vipo vipande virefu visivyo na kivuli. Picha nyingi za matangazo ni za zamani. Maji ya kunywa na kofia ya jua havikwepeki wakati wa kiangazi.

Mizabibu, bei na moto

Mizabibu inayoonekana kutoka kwenye njia ni riziki ya watu. Mwaka 1907 bei ya mvinyo ilipoporomoka, wakulima wa eneo hili waliandamana kwa mamia ya maelfu wakiongozwa na Marcelin Albert wa kijiji cha Argeliers, jirani na mfereji. Askari walifyatua risasi mjini Narbonne na watu wakapoteza maisha. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha sheria dhidi ya mvinyo wa kughushi.

Leo wapo wakulima wanaong'oa mizabibu kwa sababu ya ukame na kupungua kwa wanywaji. Hasara yake si ya mkulima peke yake. Shamba la mizabibu lililopaliliwa huzuia moto. Likiachwa, vichaka huota na moto hupata njia. Agosti 2025 moto katika vilima vya Corbières uliteketeza zaidi ya hekta 15,000.

Kanuni za kuzingatia

Mwenda kwa miguu ana haki ya kwanza kwenye njia ya mfereji. Mwendesha baiskeli hupunguza mwendo, hasa chini ya madaraja na penye malango.

Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu. Nje ya mji, usiku au penye ukungu, kizibao cha kuakisi mwanga ni cha lazima.

Vijia vya ndani ya mashamba ni vya matrekta na wenye mali. Mgeni hachumi zabibu, na wakati wa mavuno mwezi Septemba huyapisha magari ya kazi.

Katika kiangazi mamlaka za mikoa huweza kufunga vilima kwa tahadhari ya moto. Tangazo la siku husika lisomwe kabla ya kuondoka.

Upepo uitwao Cers huvuma kutoka upande wa kaskazini-magharibi, hivyo safari ya kutoka Toulouse kuelekea baharini huwa nyepesi kuliko ya kurudi. Wengi hurudi kwa treni za mkoa, ambazo hupokea baiskeli na hupita Béziers, Narbonne na Carcassonne. Namba ya dharura ni 112.

Mtanzania anayekusudia kufanya safari hiyo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi. Akifika, akumbuke kwamba anapita mahali pa kazi: maji yaliletwa kwa mikono, miti inapandwa upya na mizabibu inapaliliwa kila mwaka na watu wanaoitegemea. Njia hiyo itadumu kadiri wote wanaoipita watakavyoitunza.