Kompyuta ya kazi Nyeri: anza na umeme, malizia na prosesa

Tangu nihamie Nyeri kutoka Mombasa, jamaa wa nyumbani na majirani wa huku huniuliza swali lile lile: mtu akitaka kuunganishiwa kompyuta mpya ya mezani, anunue vipuri gani? Wengi huanza na prosesa. Mimi huwaambia waanzie upande wa pili.

Kazi zenyewe ni hizi: ritani za KRA kabla ya 30 Juni, ankara za eTIMS, fomu za eCitizen, hesabu za ushirika wa kahawa. Hazihitaji mashine ya kasi ya ajabu. Zinahitaji mashine isiyozimika katikati ya kazi wala kupoteza faili za watu.

Umeme. Stima ya Kenya ni volti 240, lakini msimu wa mvua hukatika na kurudi kwa kishindo. Pawasaplai ndiyo inayoipokea na kuigawia vipuri vingine. Ya bei ya kutupa ikiungua, yaweza kuondoka na madabodi pamoja na diski. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha inatosheka na wati 400 au 450. Tafuta yenye alama ya 80 Plus. Ongeza UPS ya VA 650 ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, kwani huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Diski. Chukua SSD ya GB 500, na ikiwa madabodi ina nafasi ya NVMe, chukua ya aina hiyo. Tofauti yake na diski ya kuzunguka utaiona siku ya kwanza. Hata hivyo SSD huweza kufa bila dalili yoyote, basi weka nakala kwenye diski ya nje kila wiki.

RAM. GB 8 ni za kuanzia. GB 16 ni raha. DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwa hiyo soma madabodi inataka ipi kabla ya kulipa.

Prosesa. Intel Core i3-12100 au AMD Ryzen 5 5600G inatosha kabisa, na zote mbili zina picha ndani yake. Jihadhari na herufi F mwishoni, kama i3-12100F: hiyo haina picha, na bila kadi ya ziada skrini itabaki giza.

Vipi mitumba ya ex-UK? Si mibaya, ila soma namba. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Core i5-6500 ni kizazi cha 6; i5-8500 ni cha 8. Muuzaji akikwambia "ni i5 tu, zote sawa," rudisha pesa mfukoni. Rahisi huvunja upishi.

Dhamana. Vipuri vingi vinavyouzwa huku hutoka Nairobi, kama kilomita 150. Uliza mapema: kikiharibika, nani analipia kifurushi cha kurudisha, na utakaa siku ngapi bila mashine? Jibu hilo lina thamani kuliko punguzo la shilingi mia tano. Dai risiti yenye namba ya kipuri.

Kwa msomaji wa Pwani orodha ni hiyo hiyo, na onyo moja zaidi. Huku adui ni vumbi, ambalo hupulizwa likatoka. Huko ni unyevu wa chumvi, unaokula vyuma kimyakimya. Usiiweke mashine kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Pesa zikipungua, punguza kwenye prosesa. Kwenye pawasaplai na nakala za faili, usipunguze.