Wayao Watatu wa Kwihara

Anayemtafuta babu yake mtumwa katika nyaraka asitegemee jina. Chukua Sidi Mubarak Bombay, mnyapara aliyejulikana kuliko wote katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. "Bombay" ni jina la mji wa India, nchi alikopelekwa kama bidhaa. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea. Kilichobaki ni mizigo aliyoisimamia, mishahara aliyolipwa na kipigo alichopata, navyo vimeandikwa na watu waliokuwa wakijiandikia habari zao wenyewe.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, mashariki ya Ziwa Nyasa. Utoto wake tunaujua kwa sababu alimsimulia msafiri Mwingereza John Hanning Speke, naye akauandika. Mama yake alifariki yeye angali mchanga. Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili, wafanyabiashara wa pwani waliingia kijijini na bunduki, wakidai walipwe papo hapo nguo walizokuwa wamekopesha. Hapakuwa na cha kulipa, wakachukua watu. Mtoto akaswagwa mpaka Kilwa, akavushwa hadi Unguja, akauzwa katika soko la watumwa, kisha akapelekwa India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru wake, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Speke na mkuu wa msafara wake, Burton, walimkuta katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani, wakamchukua. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani, lugha aliyoipata utumwani. Speke aliipata akiwa afisa wa jeshi.

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, msafara huo uliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo. Hapo njia ziligawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani, nguo, shanga na waya zikapanda bara. Ukienda Kwihara, kilometa chache nje ya mji, utaliona tembe lililojengwa upya mwaka 1957, makumbusho ya Livingstone, mmisionari na msafiri. Wageni wengi huja kwa ajili ya Livingstone. Mimi nashauri uje kwa ajili ya wapagazi.

Stanley, aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipomwajiri Bombay mwaka 1871 alimwandikia dola 80 kwa mwaka, nusu ikitangulia, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka. Mstari huo mmoja una thamani kuliko kurasa nyingi za malalamiko ya Stanley dhidi yake, maana unamwonyesha aliyeuzwa sokoni kama bidhaa akiuza kazi yake kwa bei anayoijua. Stanley huyo huyo anataja pengo la meno kinywani mwa Bombay, akasema ni kazi ya ngumi ya Speke. Speke naye anakiri katika kitabu chake kwamba alimpiga. Burton alimsifu, Speke alimpenda na kumpiga, Stanley alimchoka. Msomaji wa vitabu hivi ajue kwamba kila mmoja anatupa hali ya moyo wake kwanza, halafu, kwa bahati, kitu kimoja au viwili kuhusu Bombay.

Oktoba 1873 msafiri mwingine Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alikuwa amelala na homa Kwihara, na mnyapara wake ni Bombay. Tarehe 20 akaingia Chuma, mtumishi wa Livingstone, na barua: Livingstone amekufa, maiti iko njiani, watu wana njaa. Barua ilikuwa imeandikwa na Jacob Wainwright, mwenziwe Chuma. Maiti ilipofika, Cameron alishauri izikwe hapo hapo. Waliobeba walikataa. Cameron akafungua masanduku ya marehemu akachukua vyombo vya kupimia nchi, nao wakaendelea hadi pwani.

Jambo ambalo hulioni mpaka uviweke vitabu kadhaa pamoja ni hili: Bombay, Chuma na Wainwright wote walikuwa Wayao, na wote waliwahi kuwa watumwa. Chuma alifunguliwa mwaka 1861 katika milima ya Shire. Wainwright alisomeshwa Nasik, India. Walikutana Unyanyembe, nchi ya Tabora na Kwihara, mbali na kwao, wakiwa ndio wenye kuamua msafara uende au usiende.

Bombay alifuatana na Cameron hadi pwani ya Angola mwaka 1875. Alifariki mwaka 1885. Wainwright alifia Urambo, hapa hapa mkoani Tabora, mwaka 1892.

Babu yako pengine hakutajwa na mzungu yeyote. Lakini utumwa haukuwa wa zamani mno. Wajerumani walitoa maelfu ya hati za uhuru, na kwa amri yao waliozaliwa huru ni watoto wa watumwa waliozaliwa kuanzia 1906. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na misheni za Tabora nazo zina kumbukumbu zao. Kabla ya kwenda huko, kaa na mzee wa ukoo wenu umuulize bibi yake alitoka wapi, na nani alimleta. Asipotaka kujibu, usimlazimishe. Rudi siku nyingine.