Maradhi ya muhogo na ushahidi wa vinasaba

Wiki hii, ndugu msikilizaji, tuuzungumzie muhogo na namna maradhi yake yalivyokuja kujulikana.

Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika habari za ugonjwa unaokunja majani ya muhogo katika nchi hii, wakati huo koloni lao. Ndio tunaouita batobato. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani kule Usambara, akaeleza mwingine: michirizi ya kahawia. Huu wa pili ni mjanja. Shamba laweza kuwa kijani kibichi, mwenyewe akajisifu, kumbe siku ya kuchimba anakuta muhogo umeoza ndani, mkavu, wa kahawia.

Macho hayatoshi, basi. Lakini hata maabara iliwahi kudanganywa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kufagia mashamba ya Uganda, na sehemu nyingine watu wakaacha kabisa kupanda muhogo. Vipimo vya siku zile vilitambua kirusi kwa ganda lake la protini, navyo vikaonyesha kirusi kile kile cha zamani. Mwaka 1997 wanasayansi waliosoma vinasaba vyake, yaani DNA, walieleza kuwa ni chotara: kirusi cha Afrika Mashariki chenye kipande cha ganda la mwenzake. Mwizi aliyevaa kanzu ya jirani!

Kirusi cha michirizi hakina DNA bali RNA, nayo hugeuzwa kuwa DNA ndipo isomwe. Mwaka 2004 michirizi ilionekana Uganda, juu ya meta 1,000, ambako haikutazamiwa kushika. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha virusi viwili, si kimoja.

Tangu 2017 wataalamu wa Tanzania, Kenya na Uganda wamepeleka hadi vijijini chombo cha kusomea vinasaba kinachoenea kiganjani. Majibu yaliyosubiriwa kwa miezi yakaja kwa siku chache.

Nafurahi, lakini nina swali. Mkulima wetu hanunui mbegu ya muhogo dukani. Huomba pingili kwa jirani au kwa shangazi, zikapakiwa juu ya basi. Nani anapima mzigo ule? Na mama akiambiwa ang'oe shamba zima, mwaka huo watoto wale nini? Kwa maoni yangu, anayempelekea majibu ya kipimo amchukulie na pingili safi, safari hiyo hiyo.