Shefu wa radiografi: nani alimfundisha kuongoza?

Mu lopitali nyingi shefu wa serivisi ya radiografi anachaguliwa hivi: ni yule anayepiga picha vizuri zaidi, ao mwenye miaka mingi kazini. Lakini kupiga picha na kuongoza serivisi ni kazi mbili. Historia inatuonyesha.

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya X ku Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Vita ya 1914 ilipoanza, Ufaransa ilikuwa tayari na mashini za radio, lakini nyingi zilikaa mu miji mikubwa, mbali na askari wenye kuumia. Marie Curie akapewa kuongoza radiolojia ya Msalaba Mwekundu. Aliomba magari kwa matajiri, akayatia mashini na dinamo, akajifunza kuendesha na kutengeneza. Kisha akafungua masomo, wanawake karibu 150 wakafundishwa. Vita ilipoisha, kulikuwa magari karibu 20 na vyumba vya radio karibu 200. Mashini hakuivumbua yeye. Alichofanya ni kupanga watu, vyombo na masomo.

Kwetu Kongo mambo yalipita njia ingine. Wabeleji walifundisha Wakongomani kuwa wauguzi na wasaidizi wa waganga, lakini uongozi ukabakia mikononi mwao. Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulifika bila munganga Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Jason Sendwe, ambaye jina lake liko ku lopitali kubwa ya Lubumbashi, yeye pia alitoka mu kazi ya afya kabla ya siasa. OMS ikatuma wasaidizi wengi Ufaransa wamalize masomo ya udaktari. Mimi naona pengo la waganga lilitafutiwa dawa haraka, lakini pengo la kuongoza serivisi tuliliacha, juu ya kufikiri mwenye kujua kazi atajua pia kuongoza.

Mpaka leo masomo ya picha na masomo ya uongozi wa afya ni njia mbili tofauti. Anayepita ya kwanza anaweza kuwa shefu bila kugusa ya pili.

Na shefu anaombwa nini? Kuhesabu filimu na dawa kabla hazijaisha. Kuandika mu rejista kila siku mashini ilipokufa na sababu yake. Kuhakikisha kila mfanyakazi anavaa dozimeta, na kwamba matokeo yanasomwa. Kuhesabu picha zilizoharibika, atafute kama kosa ni la mashini, la umeme ao la mtu. Kupanga zamu bila upendeleo. Kumuelezea mkurugenzi kwa hesabu, si kwa malalamiko, kwa nini kipuri kinunuliwe sasa.

Sisi wa agronomia tunajua: trakta isiyo na kitabu cha masaa inakufa katikati ya shamba, hata dereva akiwa fundi. Mashini ya radio pia. Ikikufa, mtu wa Naviundu aliyevunjika mguu njo analipa: anazunguka mji mzima, franka zake zinaishia mu transporti, mguu unavimba.

Naona mtu asipewe ushefu kabla ya kupita miezi kadhaa ya stage kando ya mtu wa jestioni: bajeti, stoki, watu, usalama. Ninyi mnaosoma ISTM, hayo mnafundishwa? Tuambieni.