Krambo ya Maembe na Njaa ya Mafuta ya Waingereza

Dada zetu, kuna mapishi tukisikia jina tu tunajua si yetu. Krambo ni mojawapo. Mtu akiitaja tunaona hoteli ya watalii, bakuli jeupe, tufaha la kutoka Afrika Kusini na bili ya kukutoa jasho. Sisi tunaopeleka madera na vitenge Mpanda tumeipika mara nyingi kule Katavi, kwa maembe ya kule kule, na kila tukiipakua tunaulizwa: hiki chakula cha wazungu matajiri mmekitoa wapi? Tumeona tulijibu swali hili kwa kituo, maana krambo haikupata jina kwa matajiri. Ilienea kwa watu waliokuwa wakipanga foleni ya siagi, na ile shida yao ya siagi ilifika mpaka kwetu Tanganyika.

Kwa asiyeijua, krambo ni matunda yaliyokatwa na kupangwa chini ya trei, juu yake yakamwagiwa chenga za unga, siagi, sukari na oti, kisha yakaokwa mpaka juu pawe pakavu pa rangi ya kahawia na chini pawe pamechemka. Jina lenyewe kwa Kiingereza lina maana ya kuvurugika, kuwa chengachenga. Wajerumani walikuwa wakimwagia keki zao chenga za namna hiyo zamani, na Wamarekani wana ndugu yake aliyekwisha kuingia kwenye vitabu vyao vya mapishi miaka ya 1920. Lakini krambo tunayoijua sisi, ya bakuli moja na kijiko, ilishika mizizi katika nyumba za Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kabla ya vita Uingereza ilikuwa ikiagiza kiasi cha tani milioni 20 za chakula kwa mwaka kutoka nje. Ngano ilivuka bahari kutoka Kanada na Marekani, siagi ilitoka mbali hadi New Zealand. Vita vilipoanza mwaka 1939, nyambizi za Wajerumani zikaanza kuzamisha meli hizo. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ikaanza kugawa chakula kwa kitabu cha kuponi, ikianza na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, siagi na sukari. Sukari ikashuka hadi gramu 227 kwa mtu kwa wiki. Siagi, kuna wakati ilifika gramu 57. Chukua kipande cha gramu 250 unachonunua dukani, ukigawe mara nne na ushee, kisha umwambie mtu hiyo ndiyo ya siku saba.

Sasa fikiria mwanamke aliyezoea kuwapikia wanawe pai ya tufaha. Pai inataka unga chini na unga juu, na uzito wa mafuta ni karibu nusu ya uzito wa unga. Ukipunguza mafuta, unga unakuwa kama ngozi ya kiatu. Chenga hazina ukaidi huo. Zinakaa juu peke yake, chini hakuna kitu, na siagi ikipungua zinakuwa kavu kidogo tu. Unga wa ngano usipotosha unaongeza oti, nafaka inayostawi Uskoti kwenye baridi na mvua, isiyohitaji meli. Wizara ya Chakula, ambayo tangu Aprili 1940 ilikuwa chini ya Lord Woolton, ilihimiza watu wale kinacholimwa nyumbani, na oti zilikuwa mbele pamoja na viazi na karoti. Kwa hiyo zile oti juu ya krambo, ambazo siku hizi tunaambiwa ni za afya na za watu wa mazoezi, ziliwekwa pale kuziba pengo la ngano.

Sisi mafundi cherehani tunaielewa hesabu hii haraka kuliko wapishi. Tarehe 1 Juni 1941 Waingereza waligawiwa na nguo pia kwa kuponi, ikawa hivyo hadi mwaka 1949. Mikunjo ya sketi ikapunguzwa, mifuko ikahesabiwa, pindo zikafupishwa, na mapazia yakageuzwa magauni. Krambo ni pai iliyokatwa na fundi mwenye kitambaa kidogo: akaondoa chini, akabakisha juu, na mvaaji asijue kilichopungua.

Watu hudhani vita vilipokwisha mwaka 1945 shida nayo ikaisha. Haikuwa hivyo. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kuponi vita vyote, ulianza kugawiwa Julai 1946 na ukaendelea hivyo miaka miwili. Mafuta ya kupikia yalikuwa adimu dunia nzima. Kuponi za mwisho za chakula zilifutwa mwaka 1954. Na ni katika uhaba huo wa mafuta ndipo macho ya London yalipogeukia Tanganyika.

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki kwa mashine, tukamue mafuta, mama wa Kiingereza apate majarini. (Kwetu visiwani ni njugu, bara ni karanga. Hapa tutasema karanga, maana mambo haya ni ya bara.) Waziri wa Chakula wakati huo, John Strachey, akalibeba wazo hilo. Mpango ulikuwa kufyeka ekari milioni tatu na robo kwa paundi milioni 25. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikaenda Nachingwea upande wa kusini, na Urambo upande wa magharibi. Mizizi ya msitu ikavunja matrekta. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, navyo havikufua dafu. Udongo wa Kongwa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu, karanga zikashindwa kung'olewa. Mvua nayo ikawa ya kubahatisha. Januari 1951 mpango ukaachwa, na paundi milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu kama deni la marehemu asiye na warithi.

Kinachotukera katika habari hii si hasara yao. Ni kwamba Wanyamwezi walikuwa tayari wanalima karanga kwa jembe la mkono, na wanawake walikuwa wanajua ardhi ipi inakubali na mvua ipi ni ya kupandia. Hekima ya namna hiyo haikupewa kiti mezani. Urambo baadaye ikawa nchi ya tumbaku, na mpaka leo ukitaja Urambo mtu anakujibu tumbaku.

Ukitoka Urambo kwenda magharibi kwa treni unafika Kaliua, na hapo reli inagawanyika: moja inakwenda Kigoma, nyingine inakata kusini mpaka Mpanda, kama kilometa 210. Tawi hilo lilijengwa miaka ile ile, mwishoni mwa miaka ya 1940, likakamilika karibu na mwaka 1950. Halikujengwa kwa ajili ya abiria wenye mabegi ya nguo kama sisi. Lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals, kwa kuwa nchi iliyotoka vitani ilitaka risasi kama ilivyotaka mafuta. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, kabla bendera ya uhuru haijapanda. Reli ikabaki. Kwa miaka mingi, mpaka lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga ilipokamilika hivi karibuni, masika yakikolea treni ndiyo iliyokuwa roho ya Mpanda: sukari, chumvi, unga wa ngano, sabuni, vyote vilishuka pale stesheni. Mkoa wenyewe wa Katavi ni mchanga, ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Hiyo ni habari ya chenga za juu. Matunda ya chini yana safari nyingine, ya zamani zaidi, na hiyo ilianzia kwetu pwani.

Mwembe si mti wa Afrika. Asili yake ni India na nchi jirani, ukavuka kwa majahazi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali pamoja na achari ya ndimu na ya maembe, kwa hiyo pwani yetu imekuwa ikila embe karibu miaka 700. Bara ulipenya hasa karne ya 19 kwa njia za misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, na tawi la kupita Ukonongo na Mpimbwe kwenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Nchi hizo za Wakonongo na Wapimbwe ndiyo Katavi ya leo. Stanley alipita Ukonongo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wabelgiji walijenga kituo Karema mwaka 1879, wakawakabidhi Mapadri Weupe mwaka 1885. Msafara ulipopiga kambi watu walikula embe wakatupa kokwa, na wengine walipanda kwa makusudi ili wajao wapate kivuli. Mpaka leo wazee wa bara wakiona safu ya miembe mikubwa mahali pasipo nyumba, wanakuambia hapo ilipita njia.

Pesa ya njia hiyo ilikuwa nguo. Merikani, kaniki, vitambaa vya rangi, vyote vikipimwa kwa doti, na doti ni mikono minane. Sisi wauza nguo tunalitaja hili kwa fahari kidogo, halafu tunanyamaza, kwa sababu tunajua nguo hizo zilinunua nini. Zilinunua pembe, na zilinunua watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kukodiwa, lakini njia hiyo hiyo ilishusha mateka mpaka pwani, na wengi waliishia Unguja, sokoni na kwenye mashamba ya karafuu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Mtu wa visiwani akikaa Mpanda chini ya mwembe asiseme tu kwamba babu zetu walileta maembe. Aseme yote. Wenyeji wa Katavi hawajatusimanga hata siku moja, na hiyo si sababu ya sisi kujisahaulisha.

Sasa tuje jikoni, maana tumewaweka sana.

Msimu wa maembe Mpanda, Novemba mpaka Januari, ndoo nzima haifiki bei ya pakiti moja ya oti. Maembe ya kienyeji yanaanguka mengi kuliko wanaoyaokota, mengine yanaozea chini. Israfu hiyo inauma. Wakati huo huo oti zinazofika kule zimepanda gari, zimekaa stoo, na bei yake ni ya kumwekea mgonjwa uji, au sisi kupika uji wa futari. Basi tukajiuliza: mama wa Kiingereza alitia oti kwa sababu ndicho kilichokuwa shambani kwake. Mpanda shambani kuna nini? Karanga, zile zile zilizowashinda watu wa paundi milioni 36. Tunakaanga kikombe kimoja, tunapepeta maganda, tunatwanga kidogo tu zibaki chenga, na tunachanganya na nusu kikombe cha oti badala ya kujaza oti tupu. Karanga zina mafuta yake, kwa hiyo siagi inatosha vijiko vinne vya chakula. Unga wa ngano kikombe kimoja, sukari robo kikombe, chumvi chembe. Unavuruga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na mchanga wenye vijiwe. Usikande, ukikanda umepika biskuti.

Maembe yasiwe yameiva mno, yale ya kuanza kugeuka rangi ndiyo mazuri, na ya nyuzi myaache kwa juisi. Sita makubwa yanatosha trei ya watu wanane. Kamulia ndimu moja, tia iliki na mdalasini. Sukari hatutii, Katavi ni nchi ya nyuki, na vijiko viwili vya asali ya miombo vinafanya kazi ambayo sukari haiwezi. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa dakika 40. Sisi kule hatuna. Tunatumia sufuria nzito, makaa machache chini, na juu ya mfuniko tunapalia makaa mengi, kama unavyopalia wali. Hakikisha mfuniko haugusi chenga, na usifunue kabla ya nusu saa, mvuke ukirudi juu panalowana.

Pakua ikishapoa kidogo, kwani embe lililochemka linaunguza ulimi kuliko chai. Maziwa mgando ya Wasukuma wanaofuga kule yanaipendeza sana kwa juu, na pwani tui zito linafaa. Ikibaki, iache kwenye sufuria bila kufunika, asubuhi chenga zinakuwa bado kavu na ni kitafunio kizuri cha chai ya rangi.